Kuchora kwa Rangi za Maji: Ua la Mwituni, Chozi na Kipepeo wa Pembezoni mwa Shamba

Anayeanza kuchora viumbe kwa rangi za maji mara nyingi hufungua simu, hutafuta picha ya waridi la Ulaya, huweka juu yake ndege wa nchi ya theluji na kipepeo wa Amerika, kisha hushangaa kwamba mchoro wake umepooza ingawa rangi zimekaa vizuri. Mkono wake hauna kosa. Viumbe vile vitatu havijapata kukutana popote, na yeye mwenyewe hajapata kukiona hata kimoja kikitikiswa na upepo. Mwongozo huu unaanzia kwingine: tutachagua ua moja, ndege mmoja na kipepeo mmoja wanaoonekana kwenye kichaka kimoja katika msimu mmoja, tuwatazame wakiwa hai, ndipo tuloweshe brashi.

Ua nililolichagua ni la mmea ambao wakulima huung'oa bila kuutazama mara mbili, nao kwa jina la kitaalamu huitwa Leonotis nepetifolia. Humea kando ya barabara, kwenye mashamba yaliyoachwa na pembezoni mwa mahindi, na mvua zikiwa nzuri hurefuka kupita kimo cha mtu. Shina lake lina pembe nne, na mipira ya miiba imepangika juu yake kwa nafasi, kama nyama kwenye kijiti cha mshikaki. Kutoka katika kila mpira huchomoza maua membamba ya rangi ya chungwa, yenye malaika laini kama mahameli. Ndege wetu ni chozi mwenye kifua chekundu, Chalcomitra senegalensis, na kipepeo ni Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mbawa ambaye wengi wetu tulimkimbiza utotoni. Mimi huwachora Muheza, chini ya milima ya Usambara, lakini wote watatu hupatikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Ukitaka kuchagua mmea mwingine, hakikisha kwanza kwamba ni wa asili ya hapa, kwa sababu macho yanadanganywa na mazoea. Lantana iliyojaa njiani, ambayo vipepeo huipenda sana, imetoka Amerika. Mkrismasi wenye maua mekundu umetoka Madagaska. Kinyume chake, ua dogo la urujuani linalouzwa katika vyungu Ulaya nzima ni la kwetu: mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliliona na kupeleka mbegu zake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia ionantha. Ukilikuta mwituni juu ya mwamba wenye kivuli, lichore hapo hapo lilipo na usiling'oe, maana makao yake yamebaki machache.

Vifaa

Ukiwa na fedha kidogo, zitumie kwenye karatasi kabla ya rangi. Karatasi ya manila, ambayo ndiyo rahisi kupatikana madukani, hunywa maji kama mchanga, hujikunja, na ukiisugua mara ya tatu hutoa nyuzi. Tafuta karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, na ikiwezekana iwe ya pamba tupu. Karatasi moja kubwa ya sentimita 56 kwa 76 ikikatwa vipande vinne inatosha michoro minne ya ukubwa wa kuridhisha, na hesabu hiyo hupunguza uchungu wa bei. Kwa anayejifunza napendelea karatasi yenye chembechembe kidogo usoni, kwa sababu husamehe makosa. Ile laini kabisa hufaa kwa unyoya na mshipa wa ubawa, lakini kila alama ya brashi hubaki pale ilipoangukia. Ibandike pande zote nne juu ya ubao kwa utepe wa karatasi.

Brashi mbili zinatosha, namba 8 na namba 2, zote za mviringo. Ukiwa dukani omba maji, iloweshe brashi, uikung'ute mara moja: nywele zikikusanyika kuwa ncha moja, inunue, zikigawanyika kama ufagio, irudishe. Chukua vikopo viwili vya maji, kimoja cha kuoshea na kingine cha maji safi ya kuchanganyia, na sahani nyeupe ya kauri, kwa kuwa juu ya plastiki rangi hujikusanya kuwa matone na huwezi kuona ukolezi wake. Kitambaa kizuri kuliko vyote ni kipande cha kanga kuukuu. Kanga mpya ina wanga na hainywi maji mpaka ifuliwe mara kadhaa.

Rangi sita, pamoja na nyeupe nzito kidogo ya kumalizia, zinatosha kazi hii yote. Katika rangi za wachoraji, kila bomba huwa na herufi na namba ya kemikali iliyomo, na hiyo ndiyo ya kusoma, kwa kuwa majina ya madoido hubadilika kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Mimi hutumia njano yenye PY154, nyekundu kali yenye PR255, waridi yenye PV19, bluu ya bahari yenye PB29, bluu yenye kuelekea kijani, PB15, na hudhurungi ya udongo uliochomwa, PBr7. Sinunui nyeusi: PB29 ikichanganywa na PBr7 hutoa weusi ulio hai, unaoweza kuelekezwa kwenye baridi au joto kwa kuongeza tone la upande mmoja. Niliwahi kununua waridi moja ya kung'aa ajabu iliyokuwa rahisi, nikachorea maua ya mtoni, nikautundika mchoro ukutani mkabala na dirisha. Haukupita mwaka waridi yote ikawa imekimbia, yakabaki majani ya kijani yamezunguka vivuli vya kijivu. Tangu hapo kila rangi mpya huipaka kwenye ukanda wa karatasi, nusu yake nikaifunika kwa kadi nene, nikauacha dirishani miezi mitatu kabla ya kuiamini.

Kutazama

Toka asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, kabla jua halijawa kali na vivuli havijatoweka. Beba daftari dogo, penseli ya HB na kitu cha kukalia. Kaa hatua kumi hivi kutoka kwenye kichaka, jua likiwa mgongoni mwako, na usimkimbilie ndege akiruka, kwa sababu atarudi. Mwaka 1975 Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti walioufanya Kenya kuhusu jamaa yake, chozi mwenye mbawa za dhahabu, walioona kwamba ndege huyo hulinda vichaka vya Leonotis dhidi ya wenzake, kwa kuwa maua yasiyoguswa na wengine huwa na mbochi mwingi zaidi. Kwa mchoraji hiyo ni habari njema, maana yaelekea utaona mkao ule ule kwenye shina lile lile mara nyingi katika asubuhi moja.

Usijaribu kumchora ndege mzima kwa mkupuo. Chora mgongo na mkia alipotua. Akiruka, acha mchoro huo ulivyo na uanze mwingine pembeni. Akirudi katika mkao wa kwanza, rudi kwenye mchoro wa kwanza. Baada ya saa moja utakuwa na vipande kumi na viwili visivyokamilika, navyo vina thamani kuliko picha moja ya simu. Picha piga, lakini itumie kuhesabia vidole na mabaka, si kuchagulia rangi. Simu nyingi huugeuza wekundu wa kifua cha chozi kuwa doa moja bapa lisilo na unyoya hata mmoja. Rangi ziandike kwa maneno, na kwa lugha unayoielewa mwenyewe. Daftari langu limejaa vitu kama "damu ya mzee chini ya bawa", "kijani cha ganda la mbuni likilowa" na "majivu yenye joto".

Ua

Ua linachorwa kwanza kwa sababu ndilo linalonyauka. Kata tawi moja lenye mipira miwili, liweke kwenye chupa ya maji, na uligeuze mpaka uone pembe mbili za shina kwa wakati mmoja, upande mmoja ukiwa na mwanga na mwingine na kivuli. Ukilichora shina kama bomba la mviringo umeshaupoteza mmea huu.

Kwa penseli nyepesi chora duara kwa kila mpira, na kuzunguka duara chora mkanda uliolala, kama pete iliyovalishwa kwenye chungwa. Maua huchomoza kutoka kwenye pete hiyo. Yaliyo upande wako huonekana mafupi kwa kuwa yamekuelekea, yaliyo pembeni huonekana kwa urefu wao wote, na ya nyuma huchungulia tu. Wengi huyachora yote yakiwa na urefu mmoja, na mpira hugeuka kuwa jua la kitabu cha watoto. Kila ua ni mrija uliopinda wenye mdomo wa juu mrefu kama kofia, na mdomo wa chini mdogo ambao hunyauka mapema, hivyo usishangae ukiuona umekunjamana kwenye maua ambayo bado ni mabichi. Kumbuka pia kwamba mipira haina umri mmoja: wa juu ni wa kijani na haujafungua, wa kati una maua, na wa chini pengine umeshakauka na kuwa wa hudhurungi. Hatua hizo tatu katika shina moja zina uzuri kuliko maua kumi yanayofanana.

Sasa paka. Tandaza njano nyepesi sana juu ya maua yote, na kabla haijakauka gusa sehemu za chini kwa mchanganyiko wa njano na nyekundu, uache rangi zikutane zenyewe. Acha ikauke kabisa. Kipimo cha kukauka si macho. Gusa karatasi kwa mgongo wa kidole, na ikiwa ya baridi bado ina maji. Muheza wakati wa masika tabaka moja huweza kunisubirisha kwa muda wa kupika na kunywa chai, ilhali Dodoma wakati wa kiangazi karatasi hukauka kabla brashi haijafika upande wa pili, na huko inabidi kuilowesha karatasi hata mgongoni. Tabaka la pili liwe na wekundu zaidi, nalo likae tu kwenye shina la kila mrija na mahali ua moja linapolitilia lingine kivuli. Kwa malaika, kausha brashi namba 2 kwenye kanga mpaka ibaki na rangi kidogo tu, tawanya nywele zake kwa vidole, na uisugue polepole kwenye ukingo wa ua kuelekea nje.

Miiba ya mpira huwashinda wengi kwa sababu wanajaribu kuipaka yenyewe. Paka giza lililo katikati ya mwiba na mwiba, si miiba. Tandaza kwanza kijani chepesi juu ya mpira mzima, kikauke, kisha kwa ncha ya brashi jaza pembetatu ndogondogo za kijani kizito kati ya miiba, na miiba itajitokeza yenyewe kwa ule wepesi uliouacha. Kijani chenyewe kipate kutokana na njano na chembe ya PB15, kikapunguzwa makali kwa hudhurungi. Bila hudhurungi hiyo utapata kijani cha ndoo ya plastiki.

Kipepeo

Vipepeo katika vitabu vingi wamechorwa kama walivyochomwa pini kwenye sanduku, mbawa zote nne zimetandazwa bapa. Kipepeo anayekunywa hakai hivyo. Danaus juu ya ua hili mara nyingi hufumba mbawa zikasimama wima, au huzifungua nusu, ukaona ubawa mmoja kwa upana wake na mwingine kama mstari mnene tu. Chagua mkao huo wa nusu. Husimama kwa miguu minne, si sita, kwa kuwa miwili ya mbele ni midogo na imekunjwa kifuani. Mchoraji anayeongeza miguu ili ifike hesabu ya darasani anakosea. Papasi zake zina kirungu mwishoni.

Anza na mistari ya mishipa kwa penseli kali, kwa sababu mabaka yote ya ubawa hukaa ndani ya vyumba vilivyogawanywa na mishipa hiyo. Zungushia madoa meupe ya ncha ya ubawa ili uyaache bila rangi. Weupe huo ni wa karatasi yenyewe. Tandaza chungwa jepesi juu ya ubawa wote uliobaki, na upande wa chini wa ubawa wa nyuma ufanye uwe umefifia zaidi. Likikauka, ongeza tabaka la pili karibu na mwili. Mwisho weka weusi, ukianzia ukingoni kuingia ndani, na usiufanye wa ukolezi mmoja: karibu na mwanga uwe na bluu kidogo, kwenye kivuli uwe na hudhurungi. Mwili ni mweusi wenye vidoa vyeupe kifuani na kichwani.

Hesabu mabaka meusi yaliyo katikati ya ubawa wa nyuma. Danaus ana matatu au manne, lakini jike la Hypolimnas misippus, kipepeo wa aina nyingine anayemwiga kwa sababu ndege humwepuka Danaus kwa ubaya wa ladha yake, ana baka moja tu karibu na ukingo wa mbele. Nilishamchora mwigaji nikidhani ni mwenye jina, nikatambua siku nyingi baadaye nilipolifungua daftari. Pia usidhani umekosea ukikutana na Danaus asiye na ncha nyeusi kabisa. Umbo hilo lipo, hasa katika sehemu kavu za Afrika Mashariki.

Chozi

Chora yai kubwa la mwili na yai dogo la kichwa, yakipishana kidogo, na uyaegemeze kufuata mwinamo wa ndege. Chozi kwa kawaida hutua anapokunywa, tena kwenye mmea huu husimama kwenye shina chini ya mpira, au juu ya mpira wenyewe, akanyoosha shingo na kuupeleka mdomo ndani ya kofia ya ua. Kwa hiyo uzito wake uko kwenye vidole, na vidole vishike pembe za lile shina ulilolichora kwa uangalifu. Mdomo hupinda taratibu tangu ulipoanzia. Wanaoanza huupinda mwishoni tu, ukawa mundu. Kiungo kinachoonekana kama goti lililopinda kinyume ni kifundo cha mguu, na goti lenyewe limefichwa ndani ya manyoya.

Manyoya yamepangwa kama makuti ya paa, ya juu yakiyafunika ya chini, madogo kichwani na makubwa mgongoni. Huhitaji kuyachora yote. Yaonyeshe mahali mwili unapopinda, yaani begani na ubavuni, na kwingine acha rangi itandazike.

Kifua kianze kwa njano nyepesi, kwa maana nyekundu iliyolazwa juu ya njano huwaka kuliko iliyolazwa juu ya karatasi tupu. Paka PR255 juu yake katika tabaka mbili, la pili likifuata mwelekeo wa manyoya. Ukimtazama kwa karibu, wekundu huo una vichirizi vidogo vya bluu. Bluu nyepesi haiwezi kupakwa juu ya nyekundu kwa rangi hizi zinazopitisha mwanga, kwani itageuka damu ya mzee. Viweke mwishoni kabisa kwa rangi nyeupe nzito iliyochanganywa na PB29, vichache, kwa ncha ya brashi, navyo visisambae kifua kizima.

Mwili ni mweusi wa mahameli wenye hudhurungi kwenye mbawa, na hapa subira inahitajika. Weusi uliowekwa kwa mara moja hufanya shimo katikati ya karatasi. Weka hudhurungi ya joto kwanza, juu yake mchanganyiko wa PB29 na PBr7, na uache ukingo mwembamba wa hudhurungi kwenye kila unyoya mkubwa wa bawa.

Kisha kuna ule mng'ao wa kijani kwenye paji na koo, ambao ndio humfanya mtu ashike brashi na ndio humfanya aitupe. Kijani hicho hakitokani na rangi ya kijani. Ndani ya vijiunyoya mna tabaka za chembe ndogo mno zinazorudisha mwanga, na ndege akigeuza kichwa kidogo tu kijani huzimika kukawa na weusi. Rangi za dukani zenye vumbi la kumetameta hazisaidii, kwa sababu hung'aa kutoka kila upande, kama kadi ya harusi. Mng'ao hupatikana kwa kuweka sehemu ndogo yenye mwanga mkali ubavuni mwa giza kuu, bila rangi ya katikati. Acha vipande vitatu au vinne vya karatasi nyeupe kwenye paji, visizidi punje ya mtama, na vingine kooni. Juu yake pitisha PB15 yenye njano, nyepesi kama maji ya majani ya chai ya kwanza. Ikikauka, zungusha weusi mzito mpaka ukingoni mwa kila kipande, ukingo ukiwa mkali upande mmoja na umelainishwa kwa maji upande wa pili. Ukiona hakimeremeti, usiongeze kijani, ongeza giza. Na ikiwa kichwa kimegeukia mbali na jua, kiache cheusi kitupu, kwa kuwa ndivyo ulivyokiona.

Jike lake ni la hudhurungi iliyoiva na mabaka hafifu tumboni, naye ni mwalimu bora wa manyoya kuliko dume. Ningekushauri umchore yeye mara mbili tatu kabla ya kumgusa dume.

Jicho liwe la mwisho: duara jeusi lenye nukta moja ya mwanga, nayo iwe upande ule ule unaotokea mwanga wa shina, wa mipira na wa mbawa za kipepeo. Nyuma ya viumbe hivi acha karatasi ilivyo, au pitisha maji yenye kijivu cha bluu kwenye kona moja tu ili mdomo wa chozi uonekane.

Ubandue utepe polepole kwa kuuvuta kuelekea nje, karatasi ikiwa imekauka usiku mzima. Mgongoni andika kwa penseli, kamwe si kwa wino, majina ya viumbe vyote vitatu, mahali, tarehe na saa. Pwani hewa ina unyevu na kuvu hupenda pamba, kwa hiyo usiulaze mchoro kwenye kabati lililogusana na ukuta wa nje. Uweke ndani ya bahasha ya karatasi, usiufungie kwenye nailoni, na siku za jua la asubuhi uutoe upigwe na hewa kivulini.